Babu yako hayumo kitabuni

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikichambua maharage, hata mawe mawili yakanipita. Sikukujibu kwa sababu mambo haya kwenye simu hayasemeki. Simu inakatika pale pale mtu anapofikia penyewe.

Unauliza kama mtu aliyekufa bila kumwamini Kristo anaweza kuokoka. Mama mwenye nyumba wako huko Tanga, yule aliyekukanda ulipojifungua kifungua mimba wako na kukupikia uji wa pilipili manga siku zote arobaini, amefariki katika Uislamu wake, na mtu mmoja kwenye kikundi chenu cha maombi amekuambia usihangaike kumwombea, ameshapotea. Ningekuwa hapo ningelia na wewe kwanza. Halafu ningemuuliza huyo mtu, hicho kitabu amekisomea wapi.

Mungu si karani. Najua unacheka, "Mama kaanza." Lakini mimi nilikuwa karani wa parokia miaka ishirini na miwili, vitabu vya ubatizo nimevijaza kwa mkono huu. Kuna mtoto nilisahau kumwandika. Akakua, akapata mchumba, akaja kuomba cheti cha ubatizo afunge ndoa. Tukafungua kitabu, hayumo. Na alibatizwa mkesha wa Pasaka, kanisa limejaa, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika mshumaa! Ikabidi aitwe mama yake wa ubatizo aje aseme aliyoyaona, maana kwa sheria ya Kanisa shahidi mmoja wa kuaminika anatosha. Nikamwandika pembeni mwa ukurasa, herufi zimebanana, aibu imenijaa.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi dini zote ni mamoja, kila mtu ajiendee zake. Yesu alisema, "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima, mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi," na sitaki mtu anilainishie maneno hayo. Kama hayana uzito, wale mapadre wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliolala makaburini Bagamoyo, wengine vijana kabisa, walifuata nini huku? Na wewe nilikuburuta kwenye mafundisho ya kipaimara kwa sababu gani? Mtu haji kwa Baba ila kwa yeye, sawa. Ila sijaona alipoandika kwamba lazima mtu huyo awe anamjua aliyemshika mkono.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, uliligusa jambo hilo mwaka 1964, katika hati yake juu ya Kanisa, Lumen Gentium, namba 16. Wasioijua Injili ya Kristo wala Kanisa lake bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, na kwa msaada wa neema yake wanajitahidi kutenda anayoyataka kadiri dhamiri inavyowaambia, hao nao wanaweza kupata wokovu wa milele. Na Waislamu wametajwa hapo hapo. Kwa hiyo la huyo mama mimi halinikoseshi usingizi. Linalonikosesha usingizi ni la babu yako.

Najua hukuuliza habari ya babu. Nivumilie.

Ukirudi nyuma kidogo, namba 14, Mtaguso huo huo unasema anayejua kwamba Mungu kwa njia ya Kristo ameliweka Kanisa kuwa la lazima, halafu akakataa kuingia, huyo hawezi kuokoka. Namba 16 ni ya asiyejua. Baba yangu alijua. Mapadre walifika kwetu Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1890, yeye amezaliwa kengele zinalia tayari. Sala ya Nasadiki aliijua yote kwa moyo, mpaka "akashukia kuzimu", na sauti alikuwa nayo kunishinda.

Ya kaka yake kufa na kuacha mjane na watoto wanne unayajua, na kihamba, shamba la ukoo, kilivyogawanywa tusikirudie. Baba akamrithi mjane kama desturi ilivyomtaka, ndiye bibi yako mdogo. Alipotaka kubatizwa akaambiwa achague mke mmoja, mwingine amwache. Akauliza, "Nimwache aende wapi?" Alimuuliza padre wa kwanza, akamuuliza wa pili, akamuuliza wa tatu. Hakuna aliyemwonyesha hata kibanda.

Basi kila Jumapili anavaa koti lake la kaki, anatufikisha mlangoni, anaenda kukaa chini ya ule mringaringa upande wa dirisha la kwaya. Wewe ndiye uliyekuwa unatumwa nje kuchukua sadaka yake. Unakumbuka? Sarafu mbili: "Hii ya kwangu, hii ya bibi yako mdogo." Ulikuwa unazishika kila moja kwa mkono wake zisichanganyike.

Je, huyo alikataa kuingia, au alikataliwa? Siku nyingine nasema alikataliwa, na nina hasira. Siku nyingine nasema hapana, sharti lilikuwa wazi, tena halikutungwa parokiani kwetu, na wapo waliolitii. Wapo, mwanangu. Na wake zao waliorudishwa kwao nimewaona wakizeeka.

Alipougua, masika ya 1984, usiku wa mwisho tulikuwa watatu chumbani. Bibi yako kakaa kichwani. Mama Mdogo kakaa miguuni, anamkanda nyayo kwa mafuta ya nazi. Mimi nikaenda jikoni nikachota maji kwenye kikombe cha bati, kile cha buluu chenye pengo mdomoni. Nilijua ninachotaka kufanya. Mtu akiwa hatarini kufa, yeyote anaweza kumbatiza, maji na maneno basi, na maneno nilikuwa nimeyaandika mara elfu. Lakini nilijua pia kwamba lazima nimuulize kwanza kama anataka, na kama anakubali yale yanayotakiwa. Yanayotakiwa! Nimuulize mbele ya yule aliyemshika miguu?

Nikasimama na kikombe. Nikasema, "Baba, unataka..." nikakwama. Akafumbua macho, akanyoosha mkono, akakichukua. Akanywa yote, polepole, mpaka mwisho. Akasema, "Asante, mwanangu. Nilikuwa na kiu."

Alfajiri hakuwepo.

Kengele haikupigwa. Tukamzika kihambani, aliyeongoza sala ni mimi na bibi zako. Pasaka iliyofuata Mama Mdogo akabatizwa, mjane, hana kizuizi tena. Kilichomfungulia mlango ni kifo cha mumewe. Nilimwandika kitabuni mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, halafu nikatoka kwenda kutapika.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia padre mmoja mzee, naye sasa ni marehemu. Akanipa habari ya Kaisari Valentiniano wa Pili, aliyekufa mwaka 392 akiwa bado anasubiri ubatizo. Dada zake walikuwa wakimlilia hilo hasa, na Askofu Ambrosi wa Milano akawaambia ndugu yao aliomba, na kwa kuwa aliomba, alipokea. Ndiyo wanaoita ubatizo wa tamaa. Nikamwambia, Padre, Kaisari aliomba, baba yangu mimi alikunywa maji. Akanyamaza, kisha akaanza kunitajia Mathayo 25, "nalikuwa na kiu". Nikamwomba asinifariji upesi hivyo.

Kwa hiyo ukiniuliza, babu yuko wapi? Nakaribia kukuambia. Kila nikiandika neno nalifuta, na ujue linanisumbua, maana mdomoni lipo. Kitabu si changu. Mungu si karani, na mimi ukarani nilishastaafu.

Huyo mtu wa kikundi msigombane. Arobaini ya huyo mama ikifika nenda, na usiende mikono mitupu, peleka mchele na sukari, ukae na binti zake mpaka wageni waondoke. Na kumwombea, mwombee. Misa inaweza kutolewa kwa ajili ya marehemu yeyote, abatizwe asibatizwe, hilo nimelihakikisha. Kila Novemba huwa naandika bahasha ya marehemu wetu, na jina la babu yako liko la kwanza. Padre analisoma kama anavyoyasoma mengine, hajawahi kuniuliza.

Nitumie jina la huyo mama, na la baba yake, kamili. Andika kwa herufi kubwa. Mwandiko wako siku hizi hausomeki, na miwani yangu imepasuka kioo kimoja.

Mama yako