Wanaotembea usiku: maswali na majibu

Popobawa alikuwapo kweli, au ni hadithi tu za wazee? (Msomaji, Wete)

Hofu ya Popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilikuwapo, hilo halina ubishi. Mwaka 1995 ilianzia huko kwenu Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wazima wakahama vyumba vyao, wakalala nje makundi makundi na moto umewashwa. Wengi walisimulia jambo moja: mtu yu macho, kakandamizwa kifuani, hawezi kupiga kelele wala kuinua kidole. Hilo ndilo jinamizi, na madaktari wanalijua vizuri. Tunapoota, ubongo huulegeza mwili tusije tukarusha mikono na miguu. Kuna nyakati akili huamka mwili ungali umelegea, na ndoto ikaendelea macho yakiwa wazi. Hupita baada ya sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali, na aliyelala akimwogopa Popobawa atamwona Popobawa. Mwenye kuamini majini asome dua yake alale. Dua haimdhuru jirani. Kinachoniuma ni kwamba mwaka ule ule, Unguja, watu walimuua mgonjwa wa akili wakidhani wamemkamata Popobawa.

Mwanangu wa miaka saba huinuka usingizini akatembea hadi mlangoni. Bibi yake anasema ameanza kuwanga. (Mama, Morogoro)

Hawangi, mama. Anatembea usingizini, jambo la kawaida kwa watoto, na mara nyingi liko katika ukoo. Hutokea saa za mwanzo za usiku, usingizi ukiwa mzito, na asubuhi hakumbuki kitu. Mshike bega taratibu umrudishe kitandani. Funga mlango, ficha visu, mlaze mapema. Wengi huacha wakikua. Akijiumiza, au akikakamaa na kutetemeka, mpeleke hospitali. Na tafadhali, neno hilo la kuwanga asilisikie tena.

Bundi akilia juu ya paa kuna msiba? (Msomaji, Tanga)

Kuna panya. Mwache awale.

Usiku bati langu linamwagiwa mchanga. Majirani wanasema ni mkimbiaji wa usiku, tumvizie na mapanga. (Msomaji, Siaya)

Msimvizie. Hata wanaomwogopa jajuok, ndilo jina la Kiluo la mkimbiaji huyo wa usiku, husema kazi yake ni kutisha, hatoi roho ya mtu. Washa taa, piga kelele, ita majirani, kesho mwambie mzee wa mtaa. Ukimkata panga mtu gizani, kesi ya mauaji ni yako, na huenda uliyemkata ni mlevi aliyepotea njia.

Nyanya yetu ana miaka 80 na zaidi. Siku hizi hutoka usiku, hukutwa nyuani kwa watu, hajui alikofika. Kijijini wameanza kunong'ona. (Mjukuu, Kisii)

Barua yako imeninyima raha, kwa sababu minong'ono hiyo imeua hapo kwenu. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wakauawa wanawake wanne wazee huko Marani.

Unayoyaeleza yanafanana na ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni. Mgonjwa huchanganyikiwa zaidi jua likizama, akatoka kutafuta nyumba aliyozaliwa au mume aliyefariki zamani. Akikutwa amevuliwa nguo na mkanganyiko wake mwenyewe, watu husema wamemfumania mchawi.

Mpelekeni hospitali wiki hii. Kama hali ilianza ghafla, waambieni, maana maambukizi ya njia ya mkojo au dawa fulani huweza kumvuruga mzee kwa siku chache tu, na hayo hutibika. Nyumbani alale na mtu, taa iwake, komeo liwe mahali asipopatazama. Kisha, wewe na wazazi wako, nendeni kwa chifu, kwa mchungaji na kwa kila jirani, mchana, mkiwa pamoja naye. Semeni ni mgonjwa, mkitaja ugonjwa wenyewe, na acheni namba ya simu ya kupigiwa atakapoonekana. Kama kuna mtu tayari ametishia, ripotini polisi leo, na nyanya akalale kwa ndugu mwingine hadi mambo yatulie.