Nilipojaribu kuwa bosi mkali

Bosi aliyenifunza kazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Nairobi alikuwa mtu wa sauti. Akiingia tu, cherehani zote zinakaza mwendo. Nilipofungua karakana yangu ya sare za shule karibu na Gikomba, nilidhani hivyo ndivyo watu huongozwa, nikaanza kufoka. Mimi, ambaye tangu utotoni naitwa mpole.

Januari ndiyo msimu wetu, na Januari ile sketi za shule moja zilikatwa kwa vipimo vya shule nyingine. Mafundi wawili waliona kosa kitambaa kikiwa bado mezani. Walinyamaza kwa kuogopa kufokewa.

Nikarudi kwenye tabia yangu. Kila asubuhi navuta stuli, nakaa kando ya kila fundi dakika chache, namuuliza kinachomkwamisha. Siku hizi makosa nayasikia kabla mkasi haujapita.

Mwaka 2002 mtafiti Timothy Judge na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu tabia na uongozi. Uchangamfu ndio uliotia fora. Upole haukumsaidia mtu sana kuonekana kiongozi. Lakini walipoangalia anavyoongoza akishashika usukani, upole ulikaribiana na uchangamfu. Basi kama hakuna aliyewahi kukudhania kiongozi, usikate tamaa.

Hata hivyo siusifii upole kupita kiasi, maana ulinipotezea fundi wangu bora. Mkataji alikuwa akifika saa nne badala ya saa mbili. Miezi mitatu nilimeza maneno, nikijiambia huenda ana shida nyumbani. Kisha yule fundi akaaga. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Madam, hutaki kumkosea yeye. Mimi je? Nalipwa kwa kipande, na nakaa bure hadi saa nne nikimngoja."

Nilichokiita huruma kilikuwa woga wa kugombana, na aliyeugharamia ni yule fundi.

Kwa hiyo chunguza tabia yako inakufanya ukwepe nini. Mchangamfu mara nyingi hukwepa kusikiliza; mpenda utaratibu huona vigumu kuwaachia wengine kazi. Mimi hukwepa kuonya, ndiyo maana Ijumaa jioni naandika sentensi moja ninayoogopa kuisema, pamoja na jina la anayepaswa kuambiwa. Jumamosi, kabla ya malipo, namwita kando na kumwambia hiyo sentensi, bila hotuba. Kupatana bei ya vitambaa Eastleigh nimemwachia msaidizi wangu, ambaye mabishano ndiyo raha yake.

Mkataji nilipomwambia sentensi yake, alinuna siku mbili. Kisha akaniambia kwamba huwapeleka watoto shule kwanza, tukaafikiana aingie saa tatu na jioni abaki akikata vya kesho yake. Yule fundi nilimpigia simu kumweleza. Alifurahi kusikia, ila alikuwa ameshapata cherehani kwingine.