Neno Hukatwa Kwenye Kiungo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uuguzi, mwaka wa kwanza. Maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kigiriki yananitesa. Nakariri usiku, asubuhi yamenitoka. Nikashauriwa nijifunze mizizi. Nikashika kwamba “ped” ni mguu, kama kwenye “pedal” na “pedestrian”. Sasa mbona “pediatrics” ni tiba ya watoto?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyekushauri hakukosea, ila hizo “ped” ni mbili. Ya mguu ni Kilatini. Ya mtoto ni Kigiriki, “paid-”, ndiyo maana Waingereza huandika “paediatrics”: hiyo “a” ni alama ya ukoo wake. Kinachofuata kinatokana na “iatros”, tabibu. Utakikuta tena kwenye “psychiatry”, tiba ya nafsi.

Kukata maneno unakujua tangu utotoni. Ukisikia “atakupikia”, hukariri chochote. A-ta-ku-pik-i-a, kila kipande kinajieleza. Basi fanya hivyo hivyo. “Hepar” ni ini, “nephros” figo, “arthron” kiungo. Tia “-itis” ya uvimbe mwishoni, umepata “hepatitis”, “nephritis” na “arthritis”.

Kazi ni kujua kisu kipite wapi. Miaka mingi niliikata “helicopter” kuwa “heli” na “copter”, na nikawafundisha wengine hivyo. Siku moja nikakutana na jina la yule mtambaazi wa kale aliyeruka, “pterodactyl”. “Pteron” ni bawa, “daktylos” ni kidole. Na kweli, bawa lake lilishikiliwa na kidole kimoja kirefu mno. Nikaitazama ile “pter”, nikaiona imejificha katikati ya “helicopter”! “Heliko-” ni msokoto, “pter” ni bawa: bawa linalozunguka. Furaha ya siku ile ninayo hadi leo. Tena Waingereza huimeza “p” ya “pterodactyl” kwa sababu iko mwanzoni, ilhali Wagiriki wa kale waliitamka.

Kwa hiyo chukua daftari, kila neno jipya liandike na kistari pale linapoungana. Anza na sehemu za mwili, kwa kuwa ndizo utakazozihitaji wodini. Usipojua kiungo kiko wapi, fungua kamusi inayoonyesha asili ya maneno kabla hujakata.

Kesho andika “rhin-itis”. “Rhin” ni pua, ile ile iliyomo kwenye “rhinoceros”, kifaru, mnyama wa pembe puani.