Kuswali ukiwa na maumivu ya mgongo: kiti kinaruhusiwa wapi na wapi hakiruhusiwi

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina umri wa miaka 61. Vipimo vimeonyesha kuwa pingili za chini za uti wa mgongo wangu zimelika, na daktari amesema ni baridi yabisi ya uti wa mgongo. Kusimama naweza, ila imamu akirefusha kisomo maumivu hushuka mpaka pajani. Kuinama naweza kwa tabu. Kusujudu na kuinuka ndiko kunakonishinda. Kwa muda sasa naswali kwenye kiti tangu takbira mpaka salamu, na ndugu mmoja msikitini ameniambia swala yangu haisihi. Je, ni kweli? Udhu nifanyeje, maana kuinamia miguu ni mtihani? Na dawa za maumivu katika Ramadhani je?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwenyezi Mungu akuponye, ndugu yangu, na akufanyie maumivu hayo kuwa kafara ya madhambi.

Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Akamwambia: "Swali kwa kusimama, usipoweza, basi kwa kukaa, usipoweza, basi kwa ubavu." Ameipokea Bukhari. Ruhusa hapa imefungwa kwenye uwezo, na uwezo hupimwa nguzo kwa nguzo. Wanavyuoni wana kanuni isemayo kwamba linalowezekana haliangushwi na lisilowezekana. Sijda ikikushinda, imeanguka sijda peke yake. Kisimamo unachokiweza bado kiko shingoni mwako. Kwa hiyo ndugu aliyekukanya ana hoja katika sehemu moja: katika swala ya faradhi, mwenye kuweza kusimama akakaa tangu takbira bila udhuru, swala yake haisihi. Lakini amekosea kama alidhani kiti chenyewe ndicho kinachobatilisha.

Udhuru ni upi? Si lazima uanguke. Imamul-Haramayn, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, alitoa kipimo kilichonukuliwa sana na Mashafii: ni tabu inayoondoa khushuu, yaani utulivu wa moyo ndani ya swala. Wengine wameongeza kuhofia ugonjwa kuzidi au kupona kuchelewa, na neno la daktari mwaminifu linategemewa hapo. Uchovu wa kawaida hauingii. Maumivu yanayoshuka pajani kama yako yanaingia, kwa sababu hayo mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa. Gegedu likilika, mifupa huota vinundu na njia ya mishipa ikawa nyembamba. Ukisimama wima njia hiyo hubana zaidi, ukikaa au kuegemea mbele kidogo hupanuka. Ndiyo maana dakika mbili za kusimama unazimudu, na kumi hapana.

Basi leta takbira ya kuhirimia umesimama, usome Fatiha umesimama. Imamu akiendelea na sura ndefu na maumivu yakaanza kushuka, kaa. Akikaribia kurukuu, simama urukuu naye. Ikiwa kule kuinuka tena kutoka kitini ndiko kunakoumiza, baki umekaa. Fimbo au ukuta pia vinafaa: Ummu Qays bint Mihswan amesimulia, katika Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa mtu mzima alikuwa na nguzo anayoiegemea mahali anaposwalia. Kuegemea fimbo huku umepinda mbele kidogo bado ni kusimama, maadamu uko karibu na kisimamo kuliko na rukuu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Imamu Nawawi ameeleza kuwa mgonjwa anayeweza kusimama akiswali peke yake, lakini kwenye jamaa akalazimika kukaa baadhi ya swala kwa urefu wa kisomo, kwake ni bora kuswali peke yake, na akiswali jamaa kwa kukaa hapo inasihi. Kabla ya hapo, mzungumzeni imamu. Mtume (s.a.w.) ameamuru anayeswalisha watu akhafifishe, kwa kuwa miongoni mwao wamo dhaifu, mgonjwa na mzee.

Rukuu unaiweza kwa tabu, basi inama kiasi viganja vifike magotini, ukikunja kwenye nyonga badala ya kuupinda mgongo, na magoti yakilegea kidogo si kitu. Siku isipowezekana, ashiria kwa kiwiliwili ukiwa umesimama.

Sijda ndiyo yenye kazi. Usiiache kabla hujajaribu njia salama ya kushuka, maana wengi wanaumizwa na namna wanavyoshuka na kuinuka kuliko na sijda yenyewe. Simama karibu na kiti, shika kiti, rudisha mguu mmoja nyuma, teremsha goti la mguu huo, kisha la pili, ndipo uweke mikono chini na paji la uso. Unapoinuka kwenda rakaa inayofuata, kaa kwanza kitambo kidogo. Huo ni mkao wa mapumziko uliothibiti kwa Malik bin Huwayrith katika Bukhari, na katika hadithi yake imekuja pia kuegemea ardhi kwa mikono wakati wa kuinuka. Kisha leta mguu mmoja mbele, bonyeza paja kwa mkono na ujisukume juu. Kosa kubwa ni kujinyanyua kwa ghafla miguu yote miwili ikiwa pamoja na mgongo umepinda. Uzito wote unaangukia pingili za chini.

Ikishindikana, kaa kitini uashirie sijda kwa kuinamisha kiwiliwili, na iwe chini zaidi kuliko ishara ya rukuu. Mikono iweke mapajani. Usinyanyue mto au ubao kuuleta usoni. Baina ya sijda mbili na kwenye tahiyatu kaa unavyoweza: Ibn Umar (r.a.) alikaa kwa kukunja miguu chini ya mapaja, na alipoulizwa alisema miguu yake haimbebi. Haya ya kusimama kisha kuashiria sijda ndiyo kauli ya Shafii, Malik na Ahmad. Mahanafi wanaona asiyeweza kusujudu kisimamo kinamwondokea, na ni bora aswali amekaa. Ukimwona Mhanafi mgonjwa ameketi tangu mwanzo, usimkanye.

Kiti kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, kimo chake kifikie magoti ili nyayo zilale chini zote. Kiti laini kinachozama huufanya mgongo ujikunje, na mtu huinuka ameumia kuliko alivyoketi. Kuhusu safu, anayekaa swala nzima analinganisha makalio yake na safu. Anayesimama kwanza kama wewe analinganisha visigino, na kiti kitabaki nyuma; basi chagua mwisho wa safu, au safu ya mwisho, usimbane aliye nyuma yako.

Hukumu hii hubadilika na hali. Leo umeamka mzima, simama. Ukipata nafuu katikati ya swala, simama na uendelee pale ulipofika. Alfajiri huwa ngumu kwa sababu viungo hukakamaa kwa kulala. Ukakamavu wa maradhi yako kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa, kwa hiyo amka mapema, utembee taratibu ndani ya nyumba, na uweke kitambaa cha moto kiunoni. Ukakamavu huo ukiendelea zaidi ya nusu saa kila siku, mwambie daktari, kwa sababu huenda ni aina nyingine ya baridi yabisi yenye matibabu tofauti. Na kulala kitandani siku nzima usikudhanie ni tiba; misuli inayoushika mgongo hudhoofika na maumivu yakazidi.

Udhu: kaa kwenye kigoda, pandisha mguu mmoja juu ya goti la pili au juu ya kigoda kingine, na mimina kwa birika. Kinachotakiwa ni maji kupita juu ya ngozi yote mpaka vifundoni, na kusugua kwa Mashafii ni sunna. Mtu kukumiminia hakuna ubaya, Mughira bin Shuuba alimmiminia Mtume (s.a.w.). Nafuu kubwa zaidi ni khufu, yaani soksi za ngozi. Tawadha kamili, ukaoshe miguu wakati mgongo umelegea, mchana kwa mfano, kisha uvae khufu zinazofunika vifundo. Udhu ukitenguka, unapaka juu ya khufu kwa mkono wenye maji badala ya kuosha miguu, usiku na mchana mmoja kwa mkazi, muda wake ukianza pale udhu ulipotenguka baada ya kuzivaa. Alfajiri hutahitaji kuigusa miguu kabisa. Janaba ndiyo inayolazimisha kuzivua.

Siku maumivu yakizidi mno, Mahanbali na Wamaliki wanamruhusu mgonjwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, na Nawawi ameipa nguvu kauli hiyo ingawa si mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafii. Ni kukusanya bila kupunguza rakaa.

Ramadhani, mwombe daktari dawa ya kumezwa mara moja au mbili, uinywe baada ya futari na daku. Zile za kutuliza uvimbe usizimeze tumbo tupu, na unywe maji ya kutosha usiku, kwa kuwa hudhuru tumbo na figo. Dawa ya kupaka haifunguzi. Sindano isiyo ya lishe pia haifunguzi, na ndivyo ilivyoamua Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997. Daktari akisema lazima umeze mchana, kula na ulipe siku hizo. Kama hakuna matumaini ya kuweza kulipa, toa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Kujitibu ni amri: "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu." Pamoja na dawa, weka mkono pale panapouma, sema "Bismillah" mara 3, kisha mara 7: "Auudhu billahi waqudratihi min sharri maa ajidu wa uhaadhiru." Ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Uthman bin Abil-Aas, katika Muslim. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kikakushinda kuzuia, au mguu ukaanza kulegea, usingoje swala wala siku ya kliniki: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Zimebaki swala ulizokwisha kuziswali kitini. Siku ambazo ungesimama kwa maumivu ya kukuondolea khushuu, zimesihi. Siku ambazo una yakini ungeweza kusimama walau kwa Fatiha, kwa madhehebu ya Shafii unazilipa, taratibu, faradhi moja baada ya kila faradhi mpaka ujione umezimaliza. Wako wanavyuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, wasiomlazimisha kurudia aliyefanya kwa kutojua, kwa sababu yule bwana aliyeswali vibaya mbele ya Mtume (s.a.w.) aliamriwa kuirudia swala ile tu. Ukiona kulipa kutakuelemea, kauli hiyo inakutosha. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.