Jibu: Pikapu inachemsha ikisimama tu

Mkuu, ukisema pikapu inachemsha kwenye foleni ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, lakini ukishika barabara ya Muheza mshale wa joto unashuka, hapo nami naishuku feni kabla ya kitu kingine. Gari likikimbia, upepo wa njiani unapoza rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Hiyo gasketi ya silinda hedi uliyotajiwa na fundi isubiri kwanza.

Hujasema feni yako ni ya umeme au ya mkanda. Kama ni ya mkanda, zima injini, iache ipoe, kisha izungushe kwa mkono. Ikijizungukia tu bila ukinzani, au ukiona mafuta yamevuja katikati ya klachi yake (kile kiungo kinachoishikisha feni na injini), klachi imekwisha.

Ya umeme: washa injini, washa kiyoyozi. Magari mengi feni huanza hapo hapo. Kimya? Tazama fyuzi, halafu jaribu relei (swichi ndogo inayoiwasha feni) nyingine ya aina ileile, mara nyingi ya honi inafaa. Bado kimya, chomoa soketi ya feni uipe umeme wa betri moja kwa moja, volti 12. Ikizunguka, mota ni nzima. Tafuta tatizo kwenye sensa ya joto, waya, na ule wa hasi unaoshika bodi. Huku kwetu pwani soketi hizo hushika kutu ya kijani kwa chumvi, na wapo mafundi watakaokuuzia mota mpya kabla hata ya kuchungulia humo.

Vidole mbali: kwenye baadhi ya magari feni hiyo huwaka hata swichi ikiwa imezimwa. Na mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto.