Madoa chini ya jani la kangaga, na mgomba usio na mbegu

Mkuu, umeuliza kama yale madoa ya kahawia chini ya jani la kangaga ni ugonjwa, na kama mgomba nao ni kundi moja na kangaga kwa kuwa ndizi haina mbegu.

Si ugonjwa, usipulizie dawa. Ni vifuko vya spora. Spora ni chembe ya uzazi ya kangaga, seli moja tu; haina mche mchanga ndani wala akiba kubwa ya chakula kama mbegu. Ikidondoka penye unyevu huota kijimea chembamba chenye umbo la moyo, kidogo kama ukucha, ambacho wengi wetu hukikanyaga bila kukijua. Uzazi wenyewe hufanyika hapo: gameti (seli za uzazi) za kiume huogelea kwenye utando wa maji hadi kwenye yai, kisha kangaga mpya huchomoza. Pakikauka, hakuna kitu. Ndiyo maana unayaona makangaga kwa wingi katika misitu ya Usambara.

Mahindi na maembe, ambayo ni mimea ya mbegu, hayana shida hiyo. Chavua, yaani unga wa maua wenye seli za kiume, hubebwa na upepo au wadudu.

Mgomba uko upande huu wa pili, wa mimea ya mbegu, tena hutoa maua. Ndugu zake wa porini huko Asia huzaa ndizi zilizojaa mbegu ngumu. Nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi) badala ya mbili, kwa hiyo mbegu hazikui. Vidoti vyeusi katikati ya ndizi ndiyo mabaki ya mbegu hizo. Tunapanda machipukizi, na shamba zima laweza kuwa nakala za mgomba mmoja. Ugonjwa ukiupata mmoja, yote iko hatarini.