Kabla hujachota maji ya Tudor, uliza maji yako wapi

Juzi nilipita ufuoni mwa hori la Tudor, huu mkono wa bahari hapa Mombasa, upande wa Mikindani, nikawakuta wawili wenu mmesimama na chupa za sampuli, maji yamewafika magotini. Ilikuwa saa kumi na robo alasiri, mwezi una siku mbili tangu kuandama. Sikuwakatiza kwa sababu mlikuwa mmeshachota, na kwa sababu koo lilinikaba. Pale pale mliposimama, saa ile ile, ndipo nilipoiharibu kesi ya watu miaka kumi na minne iliyopita. Nawapenda, wadogo zangu, na ari yenu naiona. Lakini kila kundi la atachimenti linalokuja kwenye ofisi yetu ya mazingira linarudia makosa yale yale, na mimi nimechoka kuyatazama. Haya, kaeni kitako.

1. Jueni barua inakwenda wapi. Majitaka ya mitaani ni ya kaunti, leseni ya kumwaga maji machafu ni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), mikoko ni ya KFS (shirika la misitu), maji ya mto ni ya WRA (mamlaka ya rasilimali za maji), nyavu ni za idara ya Uvuvi pamoja na BMU, yaani kamati ya ufuo ya mahali hapo. Mwaka jana mmoja wenu alipeleka lalamiko la mikoko kukatwa kwa watu wa uvuvi. Barua ikazunguka wiki tatu, na wakataji wakamaliza kazi yao kwa raha, wakapakia, wakaenda zao.

2. Ukingo wa mto haupimwi kutoka pale ulipoyakuta maji. Kanuni za mazingira zinataka mita 6 hadi 30 ziachwe wazi kila upande, na kipimo kinaanzia alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Ukienda mto Kombeni au Tsalu mwezi wa Januari utavuka na viatu vyako. Utaona mchanga, na katikati uzi wa maji. Sasa mtu anashika futi kamba, anaanzia kwenye ule uzi, anamwambia mwenye kiwanja ajenge. Mvua ya mwaka ikija, mto unarudi kudai pake.

Waulizeni wenyeji. Kule juu bibi mmoja alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye mwembe wake, akaniwekea kiganja juu ya kichwa chake: "Hapa ndipo yalipofika mwaka wa El Niño." Hiyo 1997 mpaka 1998 ndiyo mvua iliyoshusha tope kwa Mto Mwachi hadi mikoko ya kule hori la Port Reitz ikazibwa mizizi na kufa kwa wingi. Mti hukosa pumzi mizizi ikifunikwa. Kwa hiyo shamba linalolimwa hadi ukingoni huko Kinango ni kazi yetu pia sisi wa Mombasa, hata kama kaunti ni nyingine. Tope halisomi mipaka.

3. Saa ya maji. Hapa nitakaa.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Wakina mama karanga, wale wanaokaanga samaki wa kuuza, na wavuvi wa kamba walikuja ofisini kulalamikia bomba la jengo moja la kupangisha linalomwaga majitaka ufuoni. Walisema ngozi inawawasha, na kamba wanarudi wachache. Mama mmoja ndiye aliyekuwa msemaji. Alikuja na daftari la mtoto wake wa shule, ameandika siku zote ambazo harufu ilizidi. Nilimwambia, "Mama, hili tutalimaliza." Nililisema kwa moyo wote.

Siku ya kwenda, mkutano wa ofisi ulichelewa kwisha na gari tukalipata saa tisa. Tulifika saa kumi. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Hili mnapaswa kulijua kama mnavyojua jina la baba yenu: Mombasa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kuelekea saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kuelekea saa nne. Kila siku saa hiyo husogea karibu dakika 50, mpaka siku za maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, mambo yanageuka. Bamvua maji hupanda zaidi ya mita tatu. Mdomo wa bomba ulikuwa chini, hauonekani kabisa.

Palikuwa na mzee anakalafati mtumbwi wake kivulini. Alinitazama nikivaa gambuti, akasema, "Mwanangu, maji yamejaa. Njoo kesho saa nne na ushei, utaliona bomba lenyewe likimwaga." Nilimjibu kwamba gari tumepewa leo tu. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba yeye hajui kazi yangu.

Nikachota pale nilipodhani bomba lipo. Nilichochota ni maji ya bahari yenye majitaka kidogo ndani yake. Na kwenye fomu, penye nafasi ya chanzo cha sampuli, nikaandika: maji yatokayo bombani. Kuchota saa mbaya lilikuwa kosa la kutojua. Kuandika maneno yale ulikuwa uongo, na niliuandika kwa mkono wangu kwa sababu sikutaka kurudi ofisini na fomu tupu.

Majibu ya maabara yalirudi mazuri. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka BOD, kipimo cha oksijeni inayomalizwa na uchafu ndani ya maji, isizidi miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na sampuli yangu ilikuwa chini ya hapo. Mwenye jengo akaja kwenye kikao cha usuluhishi na nakala ya karatasi ile, yenye sahihi yangu, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Yule mama alikuwa ameketi mstari wa pili na daftari lake mapajani. Hakupiga kelele. Aligeuka akaniuliza, "Kwa hiyo maji yetu ni safi?"

Sikumjibu. Nilitazama meza. Mpaka leo nikipita pale anapokaanga, mkono unanipwaya.

Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri wa kumwandikia mkubwa wangu kwamba fomu ile si ya kweli. Tulirudi saa nne asubuhi, maji yamekupwa, bomba liko wazi. Majibu ya safari hiyo yalipita kiwango mara nyingi. Lakini mwenye jengo sasa alikuwa na karatasi mbili za ofisi moja, akauliza ipi aiamini, na lilikuwa swali la haki. Shauri likaburuta miezi saba kabla bomba halijazibwa na shimo la majitaka kuchimbwa. Miezi saba, wanawake wakisimama ndani ya maji yale, kwa sababu ya mstari mmoja niliouandika.

Basi nikiwaona saa kumi na robo mna chupa mkononi, msishangae nikinyamaza. Ile fomu mliyojaza juzi nimeitoa kwenye faili. Hamjaadhibiwa. Iandikeni upya na semeni kweli: maji ya hori, wakati wa maji kujaa. Hiyo nayo ni sampuli halali, ina kazi yake, ila si ushahidi wa bomba.

4. Sampuli ya vijidudu ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa sita. Mkikwama Makupa na foleni, pigeni simu mapema.

5. Mikoko yote ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932, hata ile inayogusa ukuta wa nyumba ya mtu, na haukatwi mti bila kibali cha KFS. Na jifunzeni kuitofautisha. Mlilana hukaa mbele unapopigwa na maji, mkoko hufuata, mkandaa na mchu huko nyuma penye chumvi. Nimeona vikundi vikichomeka miche ya mkoko mahali pa mlilana, wakapiga picha, wakaondoka. Mwezi wa tatu hakuna mche hata mmoja uliosimama.

6. Waambieni wananchi kuhusu vifungu vya 42 na 70 vya Katiba. Mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Yule mama hakuambiwa hilo na mtu.

Jumamosi ya wiki ijayo ni bamvua tena. Maji yatakuwa yamekupwa saa nne unusu asubuhi. Gari liondoke saa mbili unusu, chupa ziwe zimeandikwa majina tangu Ijumaa jioni. Mzee wa mtumbwi bado yuko pale, mwamkieni kwanza, mumuulize maji, kisha ndipo mvae gambuti.